Rungu la Brigitte

Kim Hyo-jong wa Korea Kusini, ambaye mashabiki wanamjua kwa jina la Haksal, alijenga sifa yake katika timu ya RunAway kwa kumchezesha Genji, ninja wa upanga na nyota za kurusha, mmoja wa wahusika wanaodai mkono mwepesi kuliko wote katika gemu ya Overwatch. Mwaka 2018 RunAway ilitwaa ubingwa wa mashindano ya Contenders ya Korea, kisha kikosi chake kikahamia Overwatch League kwa jina jipya, Vancouver Titans. Msimu wa 2019 ulipomalizika, Haksal alitangazwa kuwa mchezaji chipukizi bora wa ligi. Cha ajabu ni kwamba kwa sehemu kubwa ya msimu huo upanga wa Genji haukuonekana. Mikononi mwake alikuwamo Brigitte, mwanamke wa ngao na rungu la mnyororo, anayekaa ubavuni mwa wenzake akiwaponya huku akiwatwanga wanaosogea.

Hakuna kocha aliyemwonea. Ligi nzima ilikuwa hivyo. Washambuliaji walioajiriwa kwa sababu ya shabaha yao walijikuta wanabeba ngao na mitambo ya kinga, au wanakaa benchi. Ili kujua walifikaje hapo, inabidi kurudi nyuma miaka mitatu.

Kampuni ya Blizzard Entertainment ilitoa Overwatch Mei 24, 2016, ikiwa na mashujaa 21. Timu mbili za watu sita sita ziligombea eneo, au moja ilisukuma mzigo na nyingine iliuzuia. Mashujaa wamegawanyika katika makundi: vifaru, wenye miili mikubwa na ngao; washambuliaji, ambao kazi yao ni kuua; na waponyaji. Sifa kubwa ya gemu hii ilikuwa uhuru. Mchezaji angeweza kubadili shujaa katikati ya mechi, tena mara nyingi apendavyo, na siku za mwanzo hakuna kilichozuia timu kuingia na shujaa mmoja, tuseme kifaru Winston, mara mbili au tatu. Ruhusa hiyo ya kurudufu iliondolewa kwenye mechi za ushindani ndani ya mwaka ule ule wa 2016. Lakini hakuna aliyesema timu iwe na vifaru wangapi au washambuliaji wangapi.

Usawa wa mashujaa ulitunzwa kwa masasisho. Huyu anapunguzwa makali, yule anaongezewa uhai, wa tatu anasubiri sekunde moja zaidi kabla ya kutumia tena uwezo wake. Kila sasisho likitoka, timu za kulipwa zilijifungia na kupiga hesabu upya, mpaka kikapatikana kikosi ambacho wote waliamini ndicho kinachoshinda kwa wakati huo. Wachezaji wanakiita meta. Wabunifu hushika namba, lakini meta hutengenezwa na wachezaji, na humo ndimo ulimo mvutano wote wa historia hii.

Meta ya kwanza kuleta kelele iliwekwa na Ana, mdunguaji kutoka Misri anayeponya kwa risasi, aliyeingia Julai 2016. Uponyaji wake ulikuwa mwingi kiasi cha kuwabeba vifaru watatu kwa pamoja. Akapunguzwa, vifaru wakapunguzwa, na mwaka 2017 ukawa wa kuvamia: vifaru Winston na D.Va wanaruka juu ya adui mmoja, washambuliaji Tracer na Genji wanamfuata, na kabla mponyaji hajageuza shingo mtu amekufa. Septemba ya mwaka huo mponyaji Mercy naye alifumuliwa na kushonwa upya, kufufua wafu kukawa uwezo wake wa kawaida badala ya kuwa silaha ya mwisho, na kwa miezi kadhaa timu isiyokuwa naye ilijihesabu pungufu.

Uvamizi ulipendeza macho. Kwa mchezaji wa kawaida nyumbani, hata hivyo, kukimbizwa na Tracer ambaye risasi hazimpati ilikuwa karaha. Blizzard ilileta dawa Machi 2018, na dawa yenyewe ni Brigitte. Kila kitu mwilini mwake kilielekezwa kwa wavamizi. Ngao yake ilimgonga Tracer na kumduwaza, rungu lake la kurusha lilimsukuma mbali Winston, na kila alipompiga adui, wenzake waliokuwa karibu walipona bila yeye kufanya jambo jingine. Deraya aliyowavisha wenzake ilizipunguza nguvu risasi ndogo ndogo, na risasi za Tracer ni ndogo kuliko za karibu wote.

Dawa ilifanya kazi, uvamizi ukadhoofika. Wabunifu walidhani Brigitte angeingia kama mponyaji wa akiba, wa kuitwa wavamizi wanapozidi. Katikati ya 2018, kwenye mashindano ya ngazi za chini Amerika Kaskazini, timu iliyoitwa GOATS ikaibuka na hesabu nyingine. Ikiwa Brigitte anawaponya wote walio karibu naye kwa pamoja, na mponyaji mwenzake Lúcio anafanya hivyo hivyo kwa muziki wake, basi kila mwili mkubwa unaoongezwa kwenye msongamano huo unaongeza faida. Wakawaweka vifaru Reinhardt, Zarya na D.Va mbele, na nyuma yao waponyaji watatu. Hawakumweka mshambuliaji hata mmoja.

Kwenye karatasi ilionekana kichekesho. Uwanjani kikosi hicho hakikupasuka. Wakati ule Tracer alikuwa na uhai wa 150, D.Va peke yake alikuwa na 600, na bado ana mtambo unaomeza risasi hewani. Reinhardt anatanguliza ngao, Zarya anamfunika kwa kinga anayeshambuliwa, Lúcio anawaongezea mwendo, na kundi zima linatembea kama mwili mmoja hadi linamfikia adui na kumsaga kwa nyundo na rungu. Ukimpunguzia mmoja uhai kwa risasi, amepona kabla hujajaza risasi nyingine. Njia iliyobaki kwa wapinzani ilikuwa moja: kuwa GOATS wao pia. Mechi ikawa ya watu kumi na wawili wanaosukumana, na ushindi ukategemea nani kamlaza Reinhardt wa mwenzake au nani katunza silaha zake za mwisho kwa sekunde tano zaidi.

Hapa lazima niseme, wengi waliodharau kikosi hiki hawakukitazama vizuri. Uratibu wake ulikuwa wa hali ya juu, pengine kuliko meta yoyote kabla yake. Fainali za hatua mbili za kwanza za msimu wa 2019 zilikuwa za timu zile zile, Vancouver Titans na San Francisco Shock. Titans walishinda ya kwanza 4–3, na Shock wakalipiza ya pili 4–2. Jay Won wa Shock, maarufu kwa jina la Sinatraa, aliyeingia ligi akisifiwa kwa Tracer, alimgeukia Zarya na mwisho wa msimu akawa mchezaji bora wa ligi nzima. Tatizo lilikuwa kwa mtazamaji. Anayewasha skrini kwa mara ya kwanza aliona fujo ya rangi asiyojua aangalie wapi.

Blizzard haikukaa kimya, ila ilitafuta jibu kwenye namba. Januari 2019 ilipunguza nguvu ya kinga ya deraya. Awali kila risasi iliyogonga deraya ilikatwa pointi 5, bila kuvuka nusu ya makali yake. Sasa zikakatwa 3. Risasi ya 20 iliyokuwa ikiingia kwa 15 ikaanza kuingia kwa 17. Mshambuliaji Reaper akaongezewa uwezo wa kunyonya uhai hadi nusu ya madhara anayosababisha. Kwa Tracer, ambaye risasi yake ilikuwa ya 6, hesabu ilirudi pale pale: nusu ni 3, na 6 ukitoa 3 ni 3. Ligi ilipofunguliwa Februari, kikosi cha GOATS bado kilikuwapo.

Aliyeivunja hakutarajiwa. Shanghai Dragons walikuwa wamepoteza mechi zote 40 za msimu wa 2018. Katikati ya Julai 2019, kwenye mchujo wa hatua ya tatu, waliingia na washambuliaji kwelikweli: Pharah akipiga makombora kutoka angani, Widowmaker akidungua kutoka mbali kabla kundi halijafika. Wakaitoa Titans, kisha wakaifunga Shock 4–3 kwenye fainali.

Julai 18, siku chache tu baadaye, Blizzard ilitangaza kwamba kuanzia hatua ya nne kila timu itakuwa na vifaru wawili, washambuliaji wawili na waponyaji wawili, si zaidi si pungufu. Kanuni kama hiyo haiandikwi na kujaribiwa kwa siku nne. Ni wazi ilikuwa jikoni muda mrefu wakati Dragons wakihangaika kutafuta jibu lao. Mpenzi wa soka atakumbuka mwaka 1925, sheria ya kuotea ilipodai wachezaji wawili wa upinzani badala ya watatu: mabao yakamiminika Uingereza, na Herbert Chapman wa Arsenal akamrudisha kiungo wa kati kuwa beki. Sheria ile ya soka iliwaachia makocha kazi ya kupanga upya. Hii ya Overwatch iliwapangia yenyewe. Brigitte naye akapunguziwa ngao kutoka uhai wa 500 hadi 200.

Sigma, kifaru mpya, aliingia Agosti, akaunganishwa na kifaru mwenzake Orisa, na malalamiko yakahamia kwenye ngao mbili zisizopenyeka. Shock walitwaa ubingwa Septemba 29 huko Philadelphia kwa kuwachapa Titans 4–0. Kwa watu wa kawaida, kanuni mpya ilileta foleni. Wengi wanataka kuua, wachache wanataka kubeba ngao, kwa hiyo aliyeomba nafasi ya mshambuliaji alisubiri mechi muda mrefu. Uhaba huo wa vifaru ulichangia uamuzi wa Overwatch 2, Oktoba 2022, kila timu ilipopunguzwa hadi watu watano na kifaru mmoja.

Wapenzi wa zamani hawakuacha kudai timu za watu sita. Desemba 2024 Blizzard ilifungua majaribio ya kuzirudisha, pamoja na uhuru wa kuchagua, kwa sharti kwamba kila kundi liwe na angalau mtu mmoja na wasizidi watatu. Ukikaa na kalamu ukaorodhesha mipangilio yote inayoruhusiwa, utapata vifaru watatu na waponyaji wawili, utapata hata waponyaji watatu na vifaru wawili, lakini daima kuna angalau mshambuliaji mmoja anayebaki ndani. Vifaru watatu na waponyaji watatu hawamo.