Ukungu wa Guo Xi

Mwaka 1072, Guo Xi, mchoraji wa jumba la kifalme la China, alikamilisha picha ambayo leo inahifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Kasri la Kifalme huko Taipei. Inaonyesha mwanzo wa majira ya kuchipua, juu ya hariri yenye urefu wa sentimita 158 na upana wa 108. Mlima umejikunja kuelekea juu, miti bado haina majani, na chini kabisa, ukingoni mwa maji, kuna watu wadogo mno. Rangi ni wino tu na dalili hafifu ya rangi nyingine. Hata hivyo, bonde linaonekana kwenda mbali sana.

Siri yake haikupotea, kwa sababu mwanawe, Guo Si, aliyaandika mafundisho ya baba yake. Mlima ukionyeshwa wote, alifundisha Guo Xi, hauonekani mrefu. Ukifungwa ukungu kiunoni, ndipo unapopaa.

Siku ya kuchora, mzee aliketi penye dirisha lenye mwanga, akafukiza ubani, akanawa mikono na kuosha jiwe la kusagia wino, kama anayengoja mgeni mheshimiwa. Weusi hakuupata kwa mkupuo mmoja. Alipaka wino mwepesi, akarudia mara sita au saba mpaka ukakolea bila kukauka, kisha akapitisha juu yake maji ya wino wenye ubuluu, ili miamba ionekane kama inachomoza kwenye umande. Palipotakiwa ukungu, aliiacha hariri karibu tupu.

Zaidi ya miaka 400 baadaye, Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji waongeze buluu kwenye vitu vya mbali. Guo Xi alikuwa ameufikia umbali uleule kwa kupunguza, na hapo ndipo ukubwa wake ulipo.

Mfalme Shenzong alizipenda kazi za Guo Xi, akazitundika katika ukumbi mzima. Alipokuja mfalme Huizong, mapenzi ya ikulu yalibadilika. Mwandishi Deng Chun anasimulia kwamba baba yake alimkuta fundi akifuta meza kwa kitambaa. Kumbe ni mchoro wa Guo Xi! Baba huyo aliomba apewe michoro mingine iliyobaki ghalani, akakubaliwa.

Picha ya 1072 iliokoka. Mwaka 1759, mfalme Qianlong aliandika shairi lake juu yake, upande wa kulia, palepale Guo Xi alipokuwa ameacha anga.