Inzi wa Mto Kuja

Mto Kuja huanzia milima ya Nyamira na Kisii, ambako wenyeji huuita Gucha. Hushuka hadi Ndhiwa, ukaungana na Mto Migori, kisha ukamwaga maji yake katika Ziwa Victoria upande wa Nyatike. Ndio unaonywesha ng'ombe na watu. Lakini kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, aliyelima karibu na kingo zake alilima akijua hatari iliyokuwa ikiruka juu ya maji.

Hatari ya kwanza ilikuwa usubi. Inzi mdogo mweusi, Simulium neavei, alikaa kwenye kivuli cha miti ya mtoni, akauma mchana na kuingiza mwilini minyoo inayozaliana chini ya ngozi. Mgonjwa alianza kwa kujikuna usiku na mchana. Ngozi ilikakamaa na kukunjamana, na baada ya miaka mingi watoto wa minyoo hiyo walifika machoni. Mzee alipopofuka, nyumba ilipoteza mkulima, na mara nyingi na mtoto pia, kwa kuwa lazima awepo wa kumshika mkono.

Kilichowatatiza wataalamu ni mahali inzi huyu alikolelewa. Jamaa zake wa nchi nyingine huacha viluwiluwi vyao kwenye mawe na majani yaliyozama katika maji ya kasi, ambako mtu huvitoa kwa mkono. Vya inzi wa Nyanza, eneo la Mto Kuja, havikuonekana huko. Hata hivyo, mwaka 1946 James McMahon na Daktari P. C. C. Garnham walianza kutia dawa ya DDT katika vijito vya Kodera, karibu na Oyugis, bila kujua walengwa wao wamejificha wapi. Dawa ilirudiwa kila baada ya siku kumi hivi, ili kila kizazi kipya kife kabla ya kuota mabawa. Inzi wakatoweka Kodera.

Jibu lilipatikana miaka minne baadaye. Mwaka 1950 McMahon na mwenzake van Someren waliandika kwamba viluwiluwi hivyo huishi juu ya kaa wa mtoni. Vimejishikiza kwenye gamba lake, vinasafiri naye chini ya mawe na kula kinacholetwa na mkondo. Tangu hapo kazi ya ukaguzi ikawa ya kunasa kaa: umgeuze, umtazame gamba na miguu, uone kama ana abiria. Kaa safi walikuwa ushahidi kwamba dawa imefika.

Baada ya Kodera ulifuata Mto Riana, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mfumo mzima wa Kuja na Migori. Mwaka 1958 McMahon na wenzake walichapisha habari kwamba inzi huyo ameangamizwa Kenya. Minyoo iliyokuwa tayari mwilini haikufa siku hiyo. Madaktari waliwapima wenyeji miaka 9, 11 na 18 baada ya inzi kutoweka, wakaona maambukizi yakififia kadiri minyoo ilivyozeeka. Ni ushindi mkubwa, na inasikitisha kuona unavyotajwa kwa nadra katika historia ya Nyanza. Sifa zake zisifiche gharama: DDT haiozi upesi, na hujilimbikiza katika mafuta ya samaki na ya wanaomla samaki.

Hatari ya pili ilikuwa malale. Mlipuko wake mkubwa ulianza Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, ukaua watu wanaokadiriwa robo milioni, na kuenea kandokando ya ziwa hadi Nyanza. Mwaka 1903 mtafiti David Bruce alithibitisha kwamba mbebaji ni mbung'o. Kwenye mito na ufuo alikuwa mbung'o wa majini, anayependa vichaka vya kingo. Upande wa pili wa mwinuko mrefu wa Kanyamwa, katika Bonde la Lambwe, alikuwa mwingine, Glossina pallidipes, mkaaji wa vichaka vikavu anayefyonza damu ya pongo na ng'ombe. Huyu ndiye aliyewatoa watu bondeni. Mwaka 1966 eneo hilo likawa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1983 Hifadhi ya Taifa ya Ruma, makao ya swala aina ya korongo pekee waliosalia Kenya. Mlipuko mwingine wa malale ulitokea Lambwe mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukalazimisha dawa kunyunyizwa kwa ndege.

Mgonjwa wa mwisho aliye mwenyeji wa Kenya alipatikana mwaka 2009. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini Kenya, likitaka ufuatiliaji uendelee.

Siku hizi hofu ya wakazi wa bonde la Kuja imehamia kwenye maji yenyewe. Mafuriko huikumba Nyatike, vyoo vikafunikwa, na kipindupindu kikafuata. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Migori, wachimbaji wadogo huchanganya unga wa mawe na zebaki, na masalia husombwa na mvua hadi mtoni. Adui wa safari hii hana mabawa wala gamba la kujishikiza, na aliye upande wa chini wa mto hupata kila kilichomwagwa upande wa juu: mfugaji wa Ndhiwa hutegemea uangalifu wa mkulima wa Kisii, na mvuvi wa Nyatike huwategemea wote wawili.