Mlango wa Chuo cha Biashara

Wahenga walisema kila zama na kitabu chake. Nami naongeza kwamba kila zama na mtihani wake. Kijana wa Tanga anayejiandaa leo kwa mtihani wa kuingia chuo cha biashara anabisha hodi katika mlango ambao mababu zake waliubisha kwa namna nyingine.

Wajerumani walifungua shule ya serikali hapa mjini mwanzoni mwa miaka ya 1890. Walichohitaji ni makarani, wakalimani na maakida. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, na iliyosalimika ilikuwa 62 tu. Kutokana na michache hiyo yakaenea mashamba makubwa, bandari ikachangamka, na kila mahali akatakiwa mtu wa kupima mzigo na kujaza daftari. Chini ya Waingereza kazi hiyo iliendelea. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake waliunda hapa Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali, watu waliojua kalamu na hesabu. Hata hivyo shule ziligawanywa kwa rangi, na karani Mwafrika kwa kawaida aliandika hesabu ya mali isiyo yake. Alifundishwa kujumlisha, hakufundishwa kuamua.

Baada ya Uhuru tulitaka watu wa kuamua. Chuo cha Elimu ya Biashara kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1965, Chuo cha Usimamizi wa Fedha kikafuata mwaka 1972, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikapata kitivo cha biashara na uongozi mwaka 1979. Lakini ni nani aingie? Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alionya dhidi ya kuutukuza mtihani. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaenda mbali zaidi: mtu afanye kazi kwanza, kisha aje chuo kikuu na sifa kutoka kazini na kwenye Chama. Nia ilikuwa njema, maana aliyewahi kuendesha ghala anaijua hasara kwa macho. Lakini idadi ya wasichana waliojiunga ilipungua, na baada ya miaka michache wakaondolewa katika sharti hilo. Tena, barua ya sifa huandikwa na mtu anayekujua, na anaweza kukupenda au kukuchukia. Mtihani haukujui. Ndiyo sababu, pamoja na ubaya wake wote, mtoto asiye na mjomba ofisini ana haki ya kuutaka.

Vijana wanaotaka kusoma biashara ng'ambo hukutana na mtihani uitwao GMAT, ulioanza Marekani katika miaka ya 1950. Tangu ulipobadilishwa mwaka 2023 una maswali 64 kwa dakika 135, katika sehemu tatu: hesabu, lugha, na kusoma takwimu. Katika sehemu ya hesabu kikokotoo hakiruhusiwi. Niliposikia hayo nilicheka, kwa kuwa hesabu za kichwa ndizo tulizowahimiza walimu wanafunzi chuoni wazirudishe madarasani.

Ugumu wa kijana wetu hauko kwenye hesabu. Mtoto wa Pangani au Muheza aliyesoma shule ya msingi ya serikali alijifunza kwa Kiswahili, kisha sekondari akakuta kila kitu kwa Kiingereza. Mtihani huu unampima akili kwa lugha aliyoipata ukubwani. Huo si uzito sawa na wa mwenzake wa London.

Basi ajiandae vipi? Kukariri maswali ya zamani peke yake ni kujaza maji kwenye pakacha. Asome kila siku habari ndefu ya Kiingereza, kisha aieleze kwa Kiswahili: mwandishi anadai nini, na ushahidi wake ni upi? Apige hesabu za asilimia na uwiano bila mashine. Ajipime kwa saa, arudie alipokosea mpaka ajue sababu. Miezi kadhaa ya namna hiyo inafaa kuliko wiki mbili za kukesha.

Akishinda, akumbuke kwamba amefunguliwa mlango tu. Yule karani wa mkonge naye alijua kujumlisha. Kilichokosekana ni nafasi ya kuuliza faida inakwenda kwa nani. Msomi wa biashara atakayerudi Tanga bila swali hilo atakuwa karani mwenye mshahara mkubwa.