Ugomvi wa Kalamu na Uwanja wa Chalk Farm

Katika ushairi wetu malumbano ni jambo la heshima. Malenga humtupia mwenzake beti, naye hujibiwa kwa bahari ile ile, na wakikutana njiani husalimiana. Hapa twataka tutazame malumbano ya watu wengine, yaliyoanzia karatasini yakaishia kaburini; maana hata leo maneno yaandikwayo kwa mbali huwafikisha watu milangoni mwa wenzao.

Oktoba 1817 jarida la Blackwood's la Edinburgh lilianza kumshambulia Leigh Hunt, mshairi wa London, na baadaye John Keats. Mwandishi hakujitaja; alitia sahihi ya herufi moja tu, Z. Mwaka 1820 John Scott, mhariri wa London Magazine, alijibu, akamtaja John Gibson Lockhart kuwa mmoja wa wakuu wa mambo hayo. Kumvua kinyago aliyejificha si kosa, na kwa maoni yetu hadi hapo Scott alikuwa katika haki.

Lockhart akaja London kudai aombwe radhi. Scott akamtaka kwanza atamke kwamba yeye si mwendeshaji alipwaye wa jarida lile. Lockhart hakukubali sharti hilo, akarudi kwao. Aliyebaki mjini ni rafiki yake, Jonathan Christie, ambaye aliandika maneno Scott akayaona tusi. Scott akamwita uwanjani.

Usiku wa tarehe 16 Februari 1821, kwa mbalamwezi, walisimama Chalk Farm, pembezoni mwa London, kila mmoja na bastola yake. Mara ya kwanza Christie alifyatua kando kwa makusudi. Scott, gizani, hakulitambua hilo. Wasimamizi wao, ambao desturi iliwataka wapatanishe, waliacha bastola zishindiliwe tena. Risasi ya pili ya Christie ilimpata Scott, naye akafa tarehe 27.

Tukumbuke kwamba wawili hawa hawakuwa na ugomvi wao wenyewe hapo awali. Walirithi wa wengine, wakaulipa kwa miili yao. Mwezi Aprili Christie alishtakiwa kwa kuua, akaachiliwa. Marafiki wa Scott walichangishana fedha kwa ajili ya mjane na watoto. Lockhart aliishi hadi 1854, akaandika wasifu mashuhuri wa mkwewe, Walter Scott.