Kutoka Gitaa hadi Sinthesaiza: Mageuzi ya Bendi ya Blondie

Wapenzi wa panki walioishutumu Blondie mwaka 1979 kwamba imejiuza kwa disko waliipuuza historia ya bendi yenyewe. "Heart of Glass", wimbo uliozua shutuma hizo, ulitungwa na Debbie Harry na Chris Stein katika miaka ya mwanzo ya kundi hilo lililoundwa New York mwaka 1974, nao wakiuita wimbo wa disko tangu hapo.

Kilichobadilika ni ala. Katika albamu ya Parallel Lines (1978), iliyotayarishwa na Mike Chapman, mashine ya midundo na sinthesaiza ziliushika uti wa wimbo, na mpiga ngoma Clem Burke akalazimika kuufuata mdundo usiochoka. Hata hivyo, katika kipande kisichoimbwa, mapigo manane hupungua ghafla yakawa saba, na mchezaji hujikwaa. Huo si utiifu kwa disko.

Anayeujua mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko katika ushairi wa Kiswahili atazitambua shutuma za aina hii. Ila hapa msaliti ni aliyeibana mizani, si aliyeilegeza.

Sauti ya Harry, iliyokuwa ikishindana na magitaa, sasa ilipaa nyembamba, baridi, yenye kejeli. Yamkini hilo ndilo lililowaudhi wengi: walimwona mwanamke aliyepambwa na mashine, wasimwone mtunzi. Katika "Call Me" (1980), muziki ulikuwa wa Giorgio Moroder. Maneno yalikuwa ya Harry.