Sita na Jina Lake la Kale

Mwanafunzi akiulizwa leo asili ya neno sita, hujibu upesi kwamba ni Kiarabu, naye amejibu sawa. Sita, saba na tisa zilitujia kwa biashara na dini za pwani. Lakini wako watokao hapo wakadhani kwamba wazee wetu, kabla ya majahazi kutia nanga, hawakuwa na hesabu iliyovuka tano. Dhana hiyo ni potofu, na ushahidi wa kuikanusha umo katika lugha yenyewe.

Kiswahili cha kale kiliita sita mtandatu, saba mfungate, na tisa kenda. Kenda yaishi bado katika mashairi, na mfungate imeacha alama katika fungate, siku saba za arusi. Mtandatu imetutoka kabisa vinywani, ingawa Msukuma angali ahesabu tandatu, Mnyarwanda gatandatu na Mkikuyu ithathatu. Litazameni vizuri neno hilo. Tatu imo ndani yake, na wataalamu wengi wa lugha za Kibantu waona kuwa ni tatu iliyorudiwa: tatu na tatu. Nane nayo huonekana kuwa nne na nne. Wachewa hushika njia nyingine, ile ya kiganja, wakasema tano na moja. Basi aliyebuni mtandatu hakutaja idadi tu. Alikwisha kutambua kwamba sita hugawanyika kwa mbili pasipo baki. Sifa hiyo twaiita shufwa, na kinyume chake witiri. Hayo nayo ni ya Kiarabu, wala sioni haya kuyatumia.

Wayunani waliipenda sita kwa sababu nyingine. Karibu mwaka 100 baada ya Kristo, Nicomachus wa Gerasa, mji ulio katika Yordani ya leo, aliziainisha namba kwa vigawo vyake. Chukua vigawo vyote vya namba, uiache yenyewe, uvijumlishe. Vigawo vya nane ni 1, 2 na 4. Jumla ni 7, basi nane ni pungufu. Vya kumi na mbili ni 1, 2, 3, 4 na 6. Jumla ni 16, basi hiyo ina ziada. Vya sita ni 1, 2 na 3, na jumla ni 6 barabara. Hiyo ndiyo namba timilifu, ya kwanza katika ukoo wake; zifuatazo ni 28, 496 na 8128. Euclid wa Alexandria alikwisha kuonyesha, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, jinsi ya kuzipata zilizo shufwa. Timilifu iliyo witiri haijaonekana hata leo, wala hapana aliyethibitisha kwamba haipo.

Mwalimu na atwae kete sita za bao. Akizipanga moja, mbili, tatu, atapata pembetatu. Akizipanga safu mbili za tatu tatu, mtandatu imeonekana machoni pa watoto. Kisha aongeze kete moja. Saba hazikubali safu zilizo sawa ila zikikaa mstari mmoja, au kila kete peke yake; ndiyo maana vitabu vya shule huiita namba tasa. Saba haikuweza kuitwa kwa kurudia namba nyingine. Wapo wasemao kwamba mfungate ni funga tatu: katika vidole kumi vitatu vilikunjwa, saba vikabaki wazi.