Kwa nini sauti hukimbia zaidi ndani ya chuma na maji kuliko hewani?

Mvua inapokaribia, tunaona kwanza mwanga wa radi, kisha baada ya sekunde kadhaa tunasikia ngurumo. Vyote vimetokea pamoja, ila mwanga hutufikia papo hapo na sauti hubaki nyuma. Kujua kasi ya sauti kunaweza kumwokoa mtu aliye shambani au machungani.

Sauti husafiri vipi?

Sauti ni mtikisiko. Ukipiga ngoma, ngozi yake hutikisika na kusukuma chembe za hewa zilizo karibu. Chembe hizo husukuma za jirani, mpaka mtikisiko ufike sikioni. Pasipo na chembe, kama huko juu angani kusiko na hewa, sauti haipiti.

Kasi yake ni ipi?

- Katika hewa yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi: mita 343 kwa sekunde.
- Katika maji yenye joto hilo hilo: karibu mita 1,480 kwa sekunde.
- Katika chuma: zaidi ya mita 5,000 kwa sekunde.

Mwaka 1808, Mfaransa Jean-Baptiste Biot alipima jambo hili kwa bomba la chuma lenye urefu wa mita 951 mjini Paris. Upande mmoja ulipogongwa, upande wa pili zilisikika sauti mbili: ya kwanza ilipita kwenye chuma, na ya pili ilifika sekunde mbili na nusu baadaye kupitia hewa iliyo ndani ya bomba. Mwaka 1826, Jean-Daniel Colladon na Charles Sturm waligonga kengele ndani ya ziwa Geneva, Uswisi, na kupata mita 1,435 kwa sekunde katika maji ya baridi ya nyuzi 8.

Nini huleta tofauti?

Wengi hudhani kuwa kitu kikiwa kizito ndipo sauti hukimbia. Sivyo. Kinachoongeza kasi ni ugumu, yaani jinsi kitu kinavyokataa kubonyea na kurudi upesi katika hali yake. Uzito wenyewe huichelewesha sauti. Madini ya risasi ni mazito kuliko chuma lakini ni laini, hivyo sauti hupita humo polepole zaidi. Hewa ni nyepesi, ila hubonyea kwa urahisi mno. Joto nalo lina sehemu yake: hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja, kasi ya sauti huongezeka kwa karibu mita 0.6 kwa sekunde.

Tutumieje elimu hii?

Hewani, sauti hutumia takriban sekunde 3 kwenda kilomita moja. Ukiona mwanga wa radi, anza kuhesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha gawanya kwa 3. Sekunde 9 maana yake radi iko umbali wa kilomita 3.

Usisubiri ifike hapo. Sekunde zikiwa 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10 na inaweza kukupiga hata kama mvua haijaanza kunyesha ulipo. Acha jembe, toka majini, usijikinge chini ya mti. Ingia kwenye nyumba imara au gari lenye bodi ya chuma, na ubaki humo mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.